Kanisa la Kumbukumbu la Waitalia, Mathari, Nyeri

Ndani ya kuta hizi wamelazwa Waitalia zaidi ya 600 waliofia nchini Kenya wakiwa mateka wa vita. Walitekwa Ethiopia na Somalia mwaka 1941, Waingereza wakawaleta katika kambi za Nanyuki, Gilgil, Londiani na kwingineko.

Mateka hawakukaa bure. Barabara inayoshuka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu ni kazi ya mikono yao, pamoja na kikanisa kidogo kilicho kando yake, cha mwaka 1942. Mwaka 1943 watatu walitoroka kambi ya Nanyuki ili tu waupande Mlima Kenya, kwa vifaa walivyojitengenezea kwa siri. Wawili walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini, wakatiwa selo.

Wengine hawakurudi kwao. Mabaki yao yalikusanywa kutoka makaburi mbalimbali, na kanisa hili likajengwa mwaka 1952 kuyahifadhi.

Kaburi lililo mbele ya altare ni la Amedeo, Duke wa Aosta, aliyetawala Ethiopia kwa niaba ya mfalme wa Italia. Alisalimu amri Amba Alagi, Mei 1941, akafariki Nairobi akiwa mateka tarehe 3 Machi 1942. Mwenyewe aliomba azikwe pamoja na askari wake.

Tafadhali vua kofia, na usiguse vibao vya majina.