Batumbula wa Katanga: Mtu, Mnyama na Kampuni ya Shaba

Katika enzi ya ukoloni wa Wabelgiji, wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Katanga walisimuliana habari za batumbula. Hao walisemekana kuwa Waafrika waliotumwa na Wazungu kuwawinda wenzao usiku. Aliyekamatwa alipoteza akili na nguvu ya kupinga. Akafungiwa, akalishwa, kisha akaliwa. Baadhi ya masimulizi ya Kongo yalidai kwamba mateka huyo aligeuzwa nguruwe kwanza. Ni rahisi kuyatupilia mbali masimulizi haya kwa kuyaita ushirikina. Lakini swali linalomhusu mwanahistoria ni jingine: kwa nini hofu ya wafanyakazi ilichukua umbo la mtu anayefugwa?

Lugha yenyewe inatoa mwanga. Msemaji wa Kiswahili cha pwani atasikia katika jina batumbula mwangwi wa kitenzi tumbua, yaani kupasua. Ng'ambo ya mpaka, huko Rhodesia ya Kaskazini, watu wa namna hiyo waliitwa banyama. Na katika Kiswahili neno nyama hutaja kitoweo, nalo mnyama humtaja kiumbe anayetoa kitoweo hicho. Aidha, Kiswahili hutofautisha kunenepa, ambako ni kwa mtu, na kunona, ambako aghalabu ni kwa mnyama. Mateka wa batumbula alinoneshwa.

Sasa na tuitazame kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka ya mwanzo ilitegemea vibarua wa muda mfupi walioandikwa kutoka mbali, na maradhi na vifo vilikuwa vingi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 siasa yake ilibadilika. Wafanyakazi walipewa mikataba ya miaka 3, wakaruhusiwa kuja na wake zao, wakajengewa nyumba kambini. Kampuni iliwagawia posho, ikawatibu, ikawatunza watoto wao na kuwasomesha. Vifo vilipungua, hilo haliwezi kukanushwa. Lakini ni dhahiri pia kwamba chakula, kitanda, ndoa na uzazi wa mfanyakazi viliingia katika hesabu ya kampuni. Aliyelishwa vizuri alilishwa kwa ajili ya kazi. Mfugaji naye humtunza mnyama wake, na utunzaji huo haumfanyi kuwa mtumishi wa mnyama.

Mwezi wa Desemba 1941, wakati vita vilipokuwa vimepandisha bei ya vitu, wafanyakazi wa Élisabethville, mji uitwao Lubumbashi leo, waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa mpira. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Siku hiyo walidai watendewe kama watu wenye sauti. Na katika hadithi, sauti ndiyo kitu cha kwanza anachopoteza aliyegeuzwa mnyama.

Hata hivyo, yafaa kujihadhari. Rik Ceyssens, katika makala yake ya mwaka 1975, aliiita habari ya mutumbula kuwa ni hekaya ya wanaoonewa. Luise White naye, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizichukua tetesi za namna hii kuwa ushahidi wa jinsi watu walivyoielewa kazi na utawala. Maoni hayo yana uzito, lakini hadithi haikumlaumu mgeni peke yake. Kiambishi ba- ni cha watu, na watu hao walikuwa Waafrika: jirani, mfanyakazi mwenza, mtu aliyerudi usiku akiwa na pesa zisizoelezeka. Kampuni ilibaki mbali. Shaka ilimwangukia aliye karibu. Kwa hiyo simulizi lililofichua uonevu liliweza pia kuwagawa walioonewa.

Union Minière ilinyang'anywa migodi hiyo na serikali ya Kongo, na tangu mwaka 1967 shaba ikawa mikononi mwa shirika la taifa. Kumbukumbu za kampuni zimehifadhi idadi ya wafanyakazi na gharama ya posho. Jinsi ilivyokuwa kula posho hiyo, na kujiuliza usiku inalipwa kwa kitu gani, hilo limehifadhiwa na neno batumbula.