Ukuta wa Thimlich na darasa la kwanza la programu

Juzi hapa Homa Bay binamu yangu wa mwaka wa kwanza chuoni aliniletea swali: programu isome idadi ya karai za omena zilizofika ufuoni kila siku, ikikuta 99999 ikome, kisha itoe wastani. Anajua kitanzi, anajua kugawanya, lakini karatasi ilikuwa tupu. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nusura niache kozi kwa swali kama hilo, maana tulifunzwa amri moja moja, kuziunganisha tukaachiwa wenyewe.

Kumbe swali lenyewe ni la zamani! Mwaka 1983 Elliot Soloway, Jeffrey Bonar na Kate Ehrlich walichapisha utafiti uliowapa wanafunzi swali la wastani lenye 99999 iyo hiyo, kwa Pascal. Walioanza tu kusoma, waliopata ni asilimia 14. Baadaye, 1986, Soloway akaeleza kwamba kinachowalemea wanaoanza si sarufi ya lugha. Ni kuunganisha vipande vidogo ambavyo mzoefu anavyo tayari kichwani.

Vipande hivyo ndivyo ruwaza. Jina lilitoka kwa wajenzi: Christopher Alexander na wenzake walikusanya ruwaza 253 za miji na nyumba katika kitabu cha 1977. Gamma, Helm, Johnson na Vlissides wakachapisha kitabu cha ruwaza za programu mwaka 1994, ila ruwaza zao 23 ni za wakubwa (mimi zilinitoa jasho hata kazini). Ilipofika 1998 ndipo Owen Astrachan na Eugene Wallingford walipoandika ruwaza za vitanzi kwa wanafunzi wa mwanzo.

Kwa kuwa Alexander alianzia kwenye majengo, nilimpa binamu mfano wa jirani: Thimlich Ohinga, kule Migori, iliyoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake, ambazo huenda zilijengwa karne ya 16, hazina saruji wala udongo wa kushikiza. Kuna safu ya nje, safu ya ndani, na mawe madogo katikati yanayozifunga pamoja. Jamii moja ilihama, nyingine ikaingia, ikakarabati kwa mtindo ule ule.

Basi nikampa ruwaza tatu zenye majina: kikapu cha kujumlisha, kihesabu siku, na "soma kabla ya kuingia, soma tena kabla ya kurudi". Akaandika. Akauliza, mbona alama ya mwisho isiwe 0? Nikamwambia siku ya kukosa omena nayo ni siku, lazima ihesabiwe.

Kisha nikaandika 99999 peke yake, kama rekodi ya mwezi ambao uvuvi wa omena umefungwa. Programu ikaanguka: imegawanya kwa sifuri. Binamu akacheka, akavuta kibodi, akaongeza sharti moja juu ya mstari wa kugawanya.