Kutoka Daftari Hadi Kompyuta: Historia ya Hesabu Zetu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi akina mama wa kikundi hiki cha Bigwa tulianza na methali hiyo. Katika kuadhimisha miaka kumi tumeona tusieleze habari za hisa na mikopo peke yake. Tueleze pia habari za daftari lenyewe, maana siku tulipoliacha tulikaribia kuvunjika.

Tulianza na sanduku la bati lenye kufuli tatu, washika funguo watatu, na vijitabu vya hisa vya kugonga mihuri. Kila Jumamosi jioni, wenzetu wakisharudi kuuza ndizi na mboga za mlimani, tulikaa chini ya mwembe tukahesabu fedha mbele ya wote. Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa vikundi vya akina mama vilivyosaidiwa na shirika la CARE. Baadaye ukaenea hadi Tanzania, ambako wengi wetu tumezoea kuuita VICOBA. Uzuri wake ni kwamba hata mama asiyejua kusoma anajua chake: muhuri mmoja, hisa moja.

Shida ilikuja kikundi kilipokua. Mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii, kila kimoja na ukurasa wake. Mhasibu wetu alikuwa anakesha na kikokotoo. Tena Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi kama chetu katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, kwa hiyo kumbukumbu safi hazikuwa tena jambo la hiari. Basi tukachanga, tukanunua kompyuta iliyokwisha tumika. Fundi akatuwekea programu ya kutunza hesabu, akamfundisha katibu peke yake kwa siku mbili, akaenda zake. Daftari tukalifungia kabatini. Tulifurahi kweli kweli!

Furaha ilikwisha siku ya kugawana. Mwenzetu mmoja, mjane, mwanachama namba 14, alisomewa hisa pungufu. Akanyamaza kidogo, kisha akafungua kijitabu chake na kuanza kuhesabu mihuri kwa sauti. Mihuri ilizidi. Katibu akasema, "Mashine haikosei." Hapo minong'ono ikaanza kwamba mhasibu amekula. Mhasibu alilia mbele yetu. Wengine walidai fedha zao pale pale ili wajitoe.

Tukasimamisha mgao. Siku tatu tulikaa, kijitabu kwa kijitabu, mpaka tukakuta kwamba hisa za mjane za mwezi mzima ziliingizwa kwa namba 41. Kumbe mashine ilijumlisha sawasawa, ila ilijumlisha kile tulichoilisha. Hakuna aliyeiba. Tulimwomba mhasibu radhi hadharani, tukampelekea na doti ya khanga. Alitupokea, lakini alisema neno ambalo hatujalisahau: "Mlinijua miaka yote hii, mkaiamini mashine ya miezi sita."

Ndugu msomaji, usidhani ni ujinga wa akina mama wa kijijini tu. Hazina ya serikali ilipata kompyuta yake mwaka 1965, ya kwanza nchini. Baadaye hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine, mambo yakavurugika. Wataalamu wengi walikuwa wageni, na wazalendo waliojua kuzitumia walikuwa wachache. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ilipita kabla zuio hilo halijalegezwa. Mwaka 1998 Hazina ikaanza tena, na mfumo ambao watumishi wengi waliuzoea kwa jina la Epicor. Nao baadaye umeachia nafasi MUSE, mfumo uliotengenezwa na wataalamu wetu wenyewe. Kwa hiyo hata serikali ilianguka, ikainuka, ikajifunza.

Na walioanza kabisa kazi hii hawakuwa watu wa mbali na biashara zetu. Mwaka 1951 kampuni ya J. Lyons ya Uingereza, wauza chai, mikate na keki, ndiyo iliyotangulia kutumia kompyuta kwa hesabu za kila siku za biashara. Waliiita LEO. Lakini miaka mingi kabla ya mashine, walikuwa na ofisi maalumu ya kuchunguza jinsi karatasi zao zinavyofanya kazi. Walijua kwanza daftari lao. Sisi tuliruka hatua hiyo.

Baada ya yale yaliyotupata tuliweka kanuni nne. Kwanza, mzunguko mzima tuliandika kote kuwili, daftari na kompyuta, na kila mwisho wa mwezi tukalinganisha. Pili, mmoja anaingiza na mwingine anasoma kwa sauti, namba pamoja na jina. Tatu, wanaojua programu wasipungue watatu. Nne, kijitabu cha mihuri hakifutwi, na kompyuta ikipingana nacho, mgao unasimama mpaka sababu ijulikane.

Leo kazi iliyokuwa inamkesha mhasibu usiku kucha inakwisha kabla chai haijapoa. Mhasibu ni yule yule, na ndiye anayewafundisha wengine. Mjane namba 14 sasa ndiye anayesoma kwa sauti.

Shime, akina mama wenzetu. Msiiogope kompyuta, lakini msiipe funguo zote tatu. Daftari zuri, la karatasi au la umeme, ni lile ambalo mwenye mali anaweza kulifungua na kuliuliza, "Changu kiko wapi?" akajibiwa.