Mganda na Gharama ya Kuingia Uwanjani

Mwanamke ajiandaaye leo kwa mashindano yake ya kwanza ya umbo katika vazi la bikini, mashindano yaliyopewa nafasi katika jukwaa la Olympia huko Marekani mwaka 2010, hutambua upesi kwamba mwili hujengwa kwa jasho, bali vazi hununuliwa kwa fedha. Hesabu hiyo si ngeni katika mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako Mbaha imo.

Baada ya Vita ya 1914–1918, gwaride la askari liliingia huko katika ngoma ya mganda, ambayo vijiji vilishindana kwayo. Ala zake hazikuhitaji fedha: kibuyu kilitoka shambani, na tundu lake likawambwa utando wa buibui ili sauti ivume mfano wa tarumbeta. Hatua za pamoja nazo zilipatikana kwa mazoezi tu. (Waliouita mganda uigaji wa Wazungu hawakukitazama kibuyu hicho.) Lakini kaptula nyeupe, shati jeupe na soksi ndefu havikuota shambani. Vijana wengi wa nchi ile walikwenda kutafuta mshahara katika mikonge ya Tanga na migodi ya Afrika Kusini, na nguo hizo zikawa ushahidi wa safari. Aliyebaki nyumbani alikuwa na miguu ileile na kibuyu kilekile. Hata hivyo, asiyevaa sawa alionekana safuni kabla ngoma haijalia. Wanawake katika kioda yao walikutana na deni hilohilo la sare.