Nyumba Iliyojengwa Isionekane

Ng'ombe wa kuuzwa hupelekwa mnadani, akaonwa na kila mwenye macho. Kitambaa hutandazwa mezani na samaki hupangwa juu ya ubao. Lakini nyumba haipelekwi sokoni; soko ndilo linaloingia nyumbani. Hapo ndipo palipo na uzito wa jambo ninalotaka kulizungumza, kwani zipo nyumba zilizojengwa makusudi ili soko lisiingie. Nyumba za mawe za mji wa Amu ni miongoni mwa hizo.

Nyingi katika nyumba kongwe za mtaa wa Mkomani zilijengwa karne ya 18, wakati mji ulipokuwa na neema ya biashara ya baharini. Ukipita kichochoroni huoni ila ukuta mpana wa mawe ya matumbawe, mlango wa mbao uliotiwa nakshi, na daka lenye viti vya mawe pande mbili. Hapo ndipo mwenye nyumba alipoketi na wageni wake. Aliyeruhusiwa kupita aliingia tekani, akageuka pembeni kabla ya kufika kiwandani, ili hata mlango ukiwa wazi jicho la mpita njia lisifike kwa watu wa nyumba. Mfanyabiashara aliyekuja na msimu wa kaskazi alipewa chumba chake, sabule, akala na kulala humo bila kuijua nyumba yenyewe. Baada ya kiwanda hufuata misana, nayo ni mirefu na myembamba, kwa kuwa upana wake ulitegemea urefu wa boriti ya mkoko. Kisha ndipo penye ndani, chumba kilicho mbali kuliko vyote na njia, chenye zidaka zilizochongwa katika chokaa. Katika nyumba yetu mama yangu alizaliwa humo.

Msomaji asidhani kwamba nyumba kama hizi hazikupambwa wala kuonyeshwa. Zilionyeshwa sana, ila si kwa mnunuzi. Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, au akamwongezea ghorofa juu ya ile ya zamani, ili mume amfuate mke. Ndiyo maana hata leo katika vichochoro vya Amu utaona wikio, chumba kilichovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, ndugu wakapita bila kushuka mtaani. Harusi ilipokaribia, matumbawe yalichomwa yakawa chokaa, kuta zikapakwa upya zikang'aa, na zidakani zikapangwa sahani na bakuli zilizotoka China. Wanawake wa mji walikuja kumtazama bibi harusi, wakaitazama na nyumba. Huko kutengeneza nyumba kulikuwa ni kuitia nguvu ili ikae miaka mingine, na aliyeipaka chokaa ndiye aliyekwenda kuishi ndani yake.

Mambo yaligeuka pole pole. Utumwa ulipopigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba ya bara yaliyoulisha mji yalikosa watu wa kuyalima. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikwisha kuivuta biashara kwenda kusini, na vijana wakaifuata. Nyumba zikabaki na wazee, kisha zikabaki na warithi. Kuanzia miaka ya 1970 wageni kutoka Ulaya na Marekani walianza kuja Amu na Shela, wakapenda walichokiona, na baadhi yao wakataka kukinunua. Mji mkongwe ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo iliongeza thamani ya nyumba, na thamani ikaongeza madalali.

Nyumba ya bibi yangu mzaa mama iliingia katika mkondo huo mwaka 1996. Bibi alifariki bila kuiandikia binti yeyote hiba, basi ikagawanywa kwa sheria ya mirathi: nusu kwa mjomba, robo kwa mama mkubwa, na robo ya marehemu mama ikatushukia sisi watoto wake. Mjomba alikuwa Mombasa na madeni yalimkaba. Sheria humpa mshirika haki ya shufaa, yaani ya kulinunua fungu la mwenziwe kwa bei ile ile kabla halijakwenda kwa mtu wa nje. Haki tulikuwa nayo, fedha hatukuwa nazo. Mama mkubwa, aliyekuwa akiishi humo, alikubali kwa shingo upande.

Dalali alikuja na maagizo yake. Viti vya plastiki viondolewe kiwandani, kitanda cha kamba kirudishwe msanani ingawa hakuna aliyekilalia kwa miaka ishirini, na zidaka zijazwe vyombo. Sahani za asili zilikuwa zimekwisha kuuzwa moja moja zamani, hivyo akajitolea kutuazimia za mtu mwingine kwa siku mbili. Hayo mama mkubwa aliyasikiliza kimya. Kisha dalali akafika ndani, akauona ukuta wa upande wa kaskazini. Chumvi na unyevu vilikuwa vimeula. Miaka ya nyuma fundi mmoja aliupiga lipu ya saruji juu ya matumbawe. Matumbawe yanahitaji chokaa, ambayo huacha unyevu utoke. Saruji huufungia humo humo, nao hutafuta njia mpaka lipu ikavimba na kubanduka. Dalali akasema rangi ya mafuta itauficha kwa miezi mitatu, na miezi mitatu yatosha.

"La, mwanangu," mama mkubwa akamjibu. "Sahani za watu zirudishe, na ukuta huu uache. Huyo anayekuja atalala humu. Nikimficha ukuta, nimemuuzia maradhi."

Dalali alicheka, lakini mama mkubwa hakuwa akisema jambo geni. Imepokewa kwamba Mtume alipita katika soko la Madina, akatia mkono wake katika rundo la chakula, vidole vikakuta majimaji chini. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini asikiweke juu kilicholowa, watu wakakiona. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, wakaeleza kwamba nyumba haikuonwa mpaka vyumba vyake, dari, kuta na hata mahali pa kuogea vimeonwa. Na mnunuzi akigundua aibu ya zamani iliyofichwa, anayo haki ya kuirudisha mali. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa isionekane, siku ya kuuzwa hudaiwa ionekane yote, hata pale ambapo wageni wa daka hawakupajua kamwe. Mila ilifunga mlango kwa heshima, na dini ikaufungua kwa uadilifu, wala sioni mgongano baina yao.

Mnunuzi alikuja, akaonyeshwa zidaka tupu na ukuta mbovu. Bei ilishuka, na mjomba alinuna hadi Idi. Lakini yule mgeni aliuliza ukuta hutengenezwaje. Mama mkubwa akamwelekeza kwa fundi mzee aliyejua chokaa. Lipu ya saruji ikabomolewa yote, matumbawe yakaachwa yakauke msimu mzima, ndipo yakapakwa chokaa. Ukuta huo ungali umesimama.

Tangu hapo nimeona nyumba nyingi zikitayarishwa kuuzwa, huko Amu na hapa Mombasa. Hupakwa rangi mpya, huwekwa maua mezani, picha za wazee hushushwa ukutani ili mgeni adhani hapajapata kukaa mtu. Kufagia na kupaka chokaa ni adabu njema, na mwenye kuuza haitwi mwongo kwa kuosha sakafu yake. Kipimo wanachofaa kukishika ni kile cha wazee waliomtengenezea binti nyumba: itengeneze kana kwamba atakayelala humo ni mwanao. Ukiweza kulala humo bila wasiwasi, mfungulie mlango mnunuzi. Na palipo na unyevu, mwonyeshe kwa mkono wako mwenyewe kabla hajapagusa.