Kipande cha Guka, Viza ya Tata

Kila nikipita steji ya Kerugoya naona matangazo ya kazi Saudia kwa ukuta. Na kila nikikaa karibu na wazee nasikia ati wasichana wa siku hizi hawana subira, wanakimbilia Waarabu. Kwangu hiyo si stori ya mbali. Karo yangu ya chuo ilikuwa inatoka Riyadh, kwa tata, dada mdogo wa mama. Mwajiri wake alipokaa miezi minne bila kumlipa, mimi nilifungasha vitu mwaka wa pili nikarudi nyumbani. Kwa hivyo mkisema hii kitu ni mpya, wacha tuongee historia kidogo.

Mnajua kina nani walifanya kazi za nyumbani Nairobi ya mkoloni? Wengi walikuwa wanaume. Kina guka. Wazungu walileta kodi ya nyumba mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakaitaka kwa rupia, baadaye kwa shilingi, na huku mlimani rupia haimei shambani. Mtu anashuka Nairobi, anapika, anafua, anapiga pasi nguo za mtoto wa mwenyewe, na anaitwa "boi" hata akiwa na wajukuu. Mke anabaki na shamba na watoto. Huyo hakuna aliyemuuliza ameenda kutafuta nini.

Halafu kukaja kipande. Sheria yake ni ya 1915, lakini ilianza kushika baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alibeba karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kijisanduku cha chuma, shingoni kama kengele ya mbuzi. Mwajiri aliandika humo mshahara, na ukiondoka lazima aweke sahihi. Bila sahihi wewe ni mtoro, na kutoroka kazi kulikuwa jela au faini.

Sasa angalia kafala. Ukaaji wa tata unategemea kafili wake. Akitoka kwa hiyo nyumba, kafili anaripoti huruub, yaani ametoroka, na polisi wakimpata ni kufungiwa na kurudishwa. Machi 2021 Saudia ililegeza sheria, wafanyakazi wageni wakaruhusiwa kubadilisha mwajiri. Wa nyumbani waliachwa nje. Ni kijisanduku tu hakionekani.

Na kina guka hawakunyamaza. Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu, alipiga kelele juu ya kipande, mishahara kukatwa na wanawake kulazimishwa kazi. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulipokusanyika kumdai, Muthoni Nyanjiru akawaaibisha wanaume waliosita, risasi zikalia, naye akafa. Ilichukua hadi 1947 ndipo sheria ikabadilishwa.

Mnauliza kwa nini sasa ni wanawake? Ulizeni kahawa. Baridi ilipoua mibuni ya Brazil 1975, bei ikapaa, na cucu anasema nyumba za mabati ziliota Kirinyaga kama uyoga. Julai 1989 mkataba wa dunia wa kugawana soko la kahawa ukavunjika, bei ikaanguka. Watu wakapanda maharagwe katikati ya mibuni. Shamba halikusomesha mtu tena.

Serikali nayo? Ilipiga marufuku 2012, ikapiga tena 2014, ikafungua 2017. Na 2024 Wakenya wa nje walituma karibu dola bilioni 5, kuliko chai na kahawa tukizijumlisha. Saudia ni kati ya nchi zinazoongoza. Ukishazoea pesa kama hiyo, kumgombeza kafili ni ngumu, si ndio?

Tata alilipwa miezi miwili kati ya ile minne. Saa hii yuko Jeddah, nyumba nyingine. Wiki jana alituma ya mabati ya cucu, na voice note akiniuliza narudi chuo lini. Bado sijamjibu.