Kinshasa–Kisangani: Marubani wanafanya nini ndege ikiwa imetulia juu?

Ndege ikiisha kupanda na taa ya mikanda ikizimika, abiria wengi wanaokuja Kisangani wanafikiri kazi ya rubani imeisha mpaka saa ya kutua. Ndege inajiendesha yenyewe, wanasema, wale wawili mbele wanakunywa kahawa tu. Ni kweli kuna chombo kinachoshika njia na urefu. Lakini kutua pale Bangoka, ao kurudi bila kutua, kunatayarishwa hapo katikati.

Kutoka Kinshasa mpaka Kisangani ni karibu kilometa 1200, na sehemu kubwa ni msitu. Ukiingia ndani ya wingu huoni mto wala barabara, na masikio yanaweza kukudanganya kwamba ndege imenyooka wakati inainama. Ndiyo maana wanaruka kwa kusoma vyombo. Rubani mmoja anaendesha. Mwenzake anachunguza, anazungumza kwa redio, anaandika, na ana ruhusa ya kusema « hapana » akiona kosa, hata kama aliye upande wa kushoto ndiye mkubwa. Kazi zikirundikana, mpangilio ni ule ule duniani kote: kwanza kuendesha ndege, kisha kujua iko wapi na inaenda wapi, redio inakuja mwisho. Mnara ukiita wakati ndege inatikiswa, mnara utangoje.

Wakifika urefu wa safari, kipimo cha urefu kimekwisha kuwekwa kwenye hektopaskali 1013, kipimo kimoja kwa wote, ili ndege mbili zisikutane juu ya hesabu mbili tofauti. Wanaoelekea upande wa mashariki wanachukua maelfu ya futi yasiyogawanyika kwa mbili, kama 33 000 ao 35 000. Wanaorudi magharibi wanachukua 34 000 ao 36 000. Katika anga kubwa la Afrika, ambako mtu wa chini hasikii kila ndege, marubani wanajitangaza pia wao kwa wao kwenye megahezi 126,9: jina la ndege, mahali, urefu, saa ya kufika kituo kinachofuata. Mwingine akisikia kwamba mnakutana njia moja, anajibu.

Kila kituo cha njiani kina hesabu yake. Tumefika saa ngapi, tuliandika saa ngapi? Mafuta yamebaki kilo ngapi, na karatasi inasema ngapi? Tofauti ndogo ikirudia mara tatu si ndogo tena: upepo wa mbele una nguvu kuliko ulivyotabiriwa, ao kuna kitu kinavuja. Ndege ya jeti inatakiwa kubeba mafuta ya kufika, ya kwenda uwanja wa pili ikishindwa kutua, na dakika 30 za kuzunguka zaidi. Huo uwanja wa pili kwa mtu anayekuja Kisangani unaweza kuwa Bunia, Kindu, hata Entebbe. Goma ilipofungwa Januari 2025 juu ya vita, mlango mmoja wa kukimbilia ulipungua, na hesabu ya mafuta ilibadilika nayo.

Lakini jambo linalokula akili zaidi huku kwetu ni mvua ya radi. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, na mawingu ya mchana yanaweza kupita urefu wa ndege yenyewe. Radari iliyo puani mwa ndege inaonyesha mvua kwa rangi, kijani, njano, nyekundu. Ina ujanja wake: mvua nzito inameza mawimbi, hivyo nyuma ya nyekundu skrini inaweza kuonekana safi wakati si safi hata kidogo. Rubani mwenye busara anazunguka mbali, maili 20 za bahari, karibu kilometa 37, na anaomba ruhusa mapema, siyo akiisha kufika mlangoni pa wingu.

Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya CRJ-100 iliyokuwa ikiwabebea abiria Umoja wa Mataifa ilitoka Kisangani kwenda Kinshasa. Kati ya watu 33, alibaki mmoja tu. Uchunguzi ulisema ilikutana na upepo mkali wa kushuka, ikiwa chini sana, ilipojaribu kupanda tena bila kutua pale N'djili. Ulitaja pia kwamba marubani waliendelea kushuka wakati radari yao ilikuwa ikionyesha dhoruba, na kwamba vifaa vya hali ya hewa vya uwanja havikutosha. Miezi mitatu baadaye, 8 Julai, Boeing 727 ya Hewa Bora kutoka Kinshasa ilianguka karibu na Bangoka ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu zaidi ya 70 walikufa. Familia za Kisangani hazijasahau.

Ndiyo sababu mbele ya kuanza kushuka, wakati bado kuna utulivu, marubani wanasomeana karatasi ya uwanja kwa sauti: tunatua upande gani, upepo unasemaje, tusipoona njia tukifika urefu fulani tunapanda tena, tunaelekea wapi, na mafuta yanaturuhusu kujaribu mara ngapi. Mara nyingi jibu ni mara moja, labda mbili. Wakianza kujadiliana hayo chini, ndani ya mvua, na mashine inatikisika, wamechelewa.

Kwa hiyo kapiteni akitangaza « hatutui Kisangani, tunarudi », na kelele zikaanza kwenye viti juu ya kilio kinachongojewa Makiso ao mizigo ya soko, hilo neno halikutoka kwa woga wa dakika ile. Lilikwisha kuandikwa kwenye karatasi nusu saa nyuma, pamoja na kilo za mafuta.